Kisumu ukiugua uende wapi: kemisti, dispensari, kliniki ya mtaa ama Russia?

Mtu akiugua nyumbani hapa Kisumu kuna sehemu kama nne za kumpeleka na kila jirani ana yake anayoiapia. Kuna kemisti ya pale steji. Kuna dispensari ama kituo cha afya cha serikali. Kuna kliniki ya mtaa, ile ya vyumba vitatu na benchi nje, mwenyewe ni klinikal ofisa, yaani mtabibu aliyesomea diploma ama digrii yake lakini si daktari kamili, ama daktari aliyestaafu. Halafu kuna hospitali kubwa, na hapa kwetu wengi wakisema kubwa wanamaanisha Russia, yaani Jaramogi pale karibu na Kondele, jina lilibaki tangu Wasovieti waijenge miaka ya sitini, ingawa za kaunti, za misheni na za praiveti zipo pia.

Nimezilinganisha kwa macho ya mtu wa nyumba mwenye watoto na mama mzee, mimi si daktari. Na nianze na msimamo wangu ndio usisumbuke kuutafuta huko chini: siulizi kwanza wana mashine gani, nauliza kama nikirudi siku ya tatu nitampata mtu aliyeniona siku ya kwanza, na kama atajua nilipewa nini. Juu siku ya kwanza ugonjwa mwingi haujajionyesha bado, homa ni homa tu, tumbo ni tumbo, kichwa ni kichwa, na hata daktari mzuri hapo anakisia kwa elimu yake halafu anangoja aone mwili utasema nini. Sasa kama ulikisiwa Kondele Jumatatu, ukakisiwa Kibuye Jumatano na ukakisiwa Nyamasaria Ijumaa, basi umepata siku ya kwanza mara tatu na hakuna aliyefika siku ya tatu.

HOMA

Tuanze na homa juu ndio inajaza foleni kanda yote hii ya ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori mpaka Busia.

Kemisti ina sifa moja kubwa, haina foleni. Unaingia, unasema mtoto anachemka, unaulizwa ana miaka mingapi halafu linakuja lile swali lingine, "mathe, nikupee dozi nzima ama nusu?" Hapo hapo ujue mambo yameharibika, dawa ya malaria ya AL ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili masaa nane baada ya ya kwanza halafu asubuhi na jioni, na inataka mtoto awe amekula, hakuna kitu inaitwa nusu. Tena Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linasema mtu apimwe kwanza kabla ya kumezeshwa dawa ya malaria. Kuna kemisti wanaopima na wana leseni imebandikwa ukutani vizuri, sikatai, na kwa panadol, ORS na zinki za mtoto anayehara mimi mwenyewe huenda huko. Lakini kemisti hamvui mtoto shati akaangalia kifua kinavyopanda. Hiyo ndiyo shida yake, mengine yote ni madogo.

Dispensari na kituo cha afya wana kile kipimo cha haraka cha kikaseti, tone la damu, dakika kumi na tano ama ishirini, majibu. Kizuri sana ila kina ujanja wake ambao watu wengi hawaambiwi: kinatafuta protini ya kimelea, na hiyo protini inaweza kubaki kwa damu wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimekufa. Kwa hivyo mtoto aliyemaliza dozi juzi akishikwa na mafua tu, kikaseti kinaweza kusema malaria tena na mnaanza dozi nyingine. Slaidi ya hadubini inaonyesha vimelea vyenyewe, hapo ni bora, lakini inataka mtu wa labu mwenye macho na subira, na inataka stima iwe haijapotea. Dispensari ndogo nyingi hazina labu, kituo cha afya mara nyingi kinayo, kwa hivyo kama vyote viwili viko umbali sawa na kwako na mtoto alikuwa na malaria mwezi huu huu, nenda kituo cha afya.

Na kuna la pili gumu zaidi. Huku kwetu watu wazima wengi wanatembea na vimelea vichache kwa damu na hawaumwi nacho, mwili umezoea. Akija na homa ya nimonia ama ya figo, kipimo kinasema malaria ipo, na ni kweli ipo, lakini siyo inayomuua. Mhudumu mwenye haraka anasimama hapo. Mwenye akili anaendelea kuuliza, unakohoa, ukikojoa unaumwa, shingo inakunjika? Kwa mtoto anahesabu pumzi kwa dakika nzima akiangalia saa: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 kwa dakika ama zaidi, na wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano akifika 40 ama zaidi, hiyo ni ya kifua na AL peke yake haitasaidia. Hiyo kazi ya kuhesabu haina mashine ya maana, ni saa na macho, na ukiona mahali wanaifanya, hapo mahali pashike, hata kama rangi imebanduka ukutani.

Hata chanjo ya malaria haijaondoa hiyo kazi. Ilianza majaribio mwaka 2019 katika kaunti nane za magharibi na nyanza yetu ikiwemo, watoto wanaianza wakiwa na miezi sita, inapunguza malaria kali, lakini mtoto aliyechanjwa bado anaweza kushikwa, kwa hivyo usiambie daktari "huyu alichanjwa" ukidhani umemaliza maneno.

Sasa kliniki ya mtaa. Hapa nitasema ukweli wangu. Usiku ni wao, saa tano usiku mtoto akitetemeka Manyatta utagonga geti la kliniki na utafunguliwa, na hilo si jambo dogo. Lakini wengi wao wanaishi kwa pesa ya labu na sindano, na ndio maana mtu anatoka pale na magonjwa matatu kwa karatasi moja, malaria, taifodi na brusela, kila moja na dawa yake na dripu juu. Mgonjwa anafurahi sana, "wamenipata na vitu vingi," kumbe hata moja huenda halipo.

Hii taifodi ndio inanichosha kabisa. Kipimo kinachotumika mitaani ni Widal, cha tangu 1896, kinaangalia kingamwili kwa damu. Shida kingamwili zinabaki muda mrefu baada ya ugonjwa, na maambukizi mengine yanaweza kuzifanya zionekane, hata malaria yenyewe. Widal moja ya siku moja karibu haisemi kitu kwa mtu anayeishi mahali taifodi ni ya kawaida. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, wanaita kalcha, kinapatikana kwenye labu kubwa, kinachukua siku kadhaa na kinataka damu itolewe kabla hujameza antibayotiki. Kwa hivyo kliniki ikikuambia una taifodi ya "moja kwa mia na sitini" baada ya homa ya siku moja, uliza tu kwa upole, daktari, hii unaitibu juu ya dalili zangu ama juu ya hii karatasi? Jibu lake litakuonyesha ukae ama uende. Brusela vilevile, yale matone ya haraka yanaonyesha watu wengi wasiokuwa nayo, ingawa kwa mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa ama anayezalisha ng'ombe na ana homa ya kuja na kwenda na maumivu ya viungo, hapo kufikiria brusela kuna maana.

Hospitali kubwa kwa homa ya kawaida ni kupoteza siku, nasema hivyo bila kuogopa. Utafika saa moja, utapata faili, utakaa, utaonwa na intani, daktari mpya aliye mafunzoni, ambaye kesho yuko wadi nyingine. Lakini kuna homa ambazo haziruhusu dispensari wala kliniki: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, ama aliyelegea hata ukimwita haamki vizuri. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, boda ama chochote. Kama uko mbali, kwa mfano ndani kule Nyakach ama Seme, pita kituo cha afya kilicho karibu apigwe sindano ya kwanza ya atesuneti, dawa ya malaria kali, kama wanayo halafu waandike rufaa, usipite ukakimbilia mjini na mtoto anaisha njiani.

PRESHA NA SUKARI

Kwa homa mtu anaweza kuhamahama akapona tu juu homa nyingi zinapita zenyewe. Kwa presha na sukari kuhamahama ndiko kunaangusha watu, na hapa tofauti ya hizi sehemu nne inaonekana wazi.

Fikiria mama wa miaka sitini na kitu, wa kawaida kabisa, ana presha, magoti yanamuuma, na siku hizi anakohoa kikohozi kikavu usiku. Presha anachukulia dawa hospitali ya kaunti siku ya kliniki. Magoti anachukulia kemisti. Kikohozi anaenda kliniki ya mtaa. Sasa angalia kinachotokea. Dawa yake moja ya presha ni enalapril, na enalapril kwa watu wengine inaleta kikohozi kikavu ambacho hakiishi. Kliniki ya mtaa haijui anameza enalapril, hajasema na hajaulizwa, wanampa antibayotiki, hakiponi, wanampa nyingine kali zaidi, hakiponi, mtu anaanza kusema labda ni TB. Kule kemisti anapewa diklofenaki ya magoti kila mwezi, na diklofenaki inapandisha presha na inasumbua figo. Akirudi hospitali ya kaunti wanapima presha wanakuta iko juu, wanadhani hamezi dawa, wanamgombeza, "mama unatucheza," halafu wanaongeza amlodipini. Amlodipini inaweza kufurisha miguu. Miguu ikifura majirani wanasema ni figo, anapelekwa kwa mganga ama anapewa dawa ya kukojoesha mahali pengine. Watu watatu wamemtibu mama huyu, na hakuna mmoja aliyekosea sana kwa upande wake, lakini hakuna aliyeona dawa zote zimewekwa juu ya meza moja.

Kwa ugonjwa kama huo, mimi ningechagua mahali pamoja hata kama si pazuri sana kuliko mahali pazuri patatu. Kituo cha afya cha karibu chenye siku maalum ya presha na sukari, ama kliniki ya mtaa ya mtu mmoja unayemwamini, chochote, bora dawa zote zipite kwa macho ya mtu mmoja. Mifuko yote ya dawa, za hospitali na za kemisti na zile za mitishamba za sokoni Kibuye, zitie kwa mfuko mmoja wa nailoni uende nazo kila siku ya kliniki. Najua mtu anaona aibu kutoa mitishamba mbele ya daktari. Toa tu.

Halafu kupimwa kwenyewe. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea ndiyo wanaita juu, lakini haipimwi mara moja mtu ametoka kupanda mlima wa ngazi na anapiga simu. Inatakiwa ukae dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, huongei, na wapime tena, na siku nyingine tena kabla hujaandikiwa dawa ya maisha, labda iwe juu sana ama una dalili mbaya. Hapa hospitali kubwa inaanguka kabisa kusema kweli, ile kelele na foleni, mtu anapimwa amesimama. Kituo kidogo kilichotulia kinashinda. Na anayeshinda wote pengine ni yule mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, CHP, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, ndani kuna mashine ya presha na ya sukari. Anakupima nyumbani kwako umekaa kwa kiti chako. Mimi nikiulizwa presha ya mama mzee ni ngapi kwa kweli, naamini namba za CHP kuliko za wodini.

Sukari kidogo tu: asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 ama zaidi, na irudiwe, hiyo ni kisukari, ama 11.1 na kuendelea saa yoyote ukiwa na dalili zake, kiu, kukojoa sana, kukonda. Kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, asilimia 6.5 na kuendelea, kinapatikana labu kubwa na za praiveti, ila mwenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kinaweza kumdanganya, na huku kwetu hilo si jambo la kuruka. Ukipimwa mahali wasipouliza, sema mwenyewe.

MTOTO ANAYEUGUA "MALARIA" KILA MWEZI

Siko seli ni yetu sana kanda hii, kwa sababu ile ile ya malaria, mwenye ile jini kutoka kwa mzazi mmoja tu anakingwa kiasi na malaria kali kwa hivyo ilibaki kwenye koo zetu. Mtoto mwenye jini kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Na huyu mtoto ndiye mfano wangu mkubwa wa kwa nini kuhama kliniki kunaua. Anaanza kama mtoto wa homa za kila mara. Kemisti anampa AL. Mwezi ujao kliniki inampa AL na taifodi juu. Mikono na miguu ikifura akiwa na miezi minane hivi wanasema ameanguka ama amefungwa vibaya mgongoni. Macho ya njano, wanasema ni malaria imeingia ini. Kila mtu ameona kipande chake akaandika karatasi yake, na ile karatasi ikabaki kwa droo.

Nesi wa dispensari ambaye amemwona mtoto huyo mara nyingi kwenye kliniki ya chanjo, kwa kile kitabu cha mama na mtoto, ndiye mara nyingi anasema, ngoja, huyu mbona kila akija ni mweupe viganja? Hapo dispensari inashinda praiveti yote. Haina kipimo, lakini ina kumbukumbu. Yeye ataandika rufaa, na sasa hapa ndipo hospitali kubwa inapata kazi yake halali: kipimo cha kutenganisha himoglobini. Baadhi ya vipimo vya haraka vya siko vinasema tu jini ipo, havikuambii kama ni mgonjwa ama mbebaji, kwa hivyo usitoke na majibu ya "pozitivu" ukalia ama ukafurahi bila kile cha pili. Akipatikana nayo kuna penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, kuna kinga ya malaria, kuna haidroksiyurea, na watoto wanakua vizuri, wanasoma, wanacheza mpira.

Huyu baada ya kupimwa ningemgawa hivi: kliniki yake ya siko iwe hospitali kubwa, homa zake ziwe hospitali pia na si kemisti kamwe, juu homa ya mtoto wa siko inaweza kumwondoa kwa siku moja, na dispensari ibaki ya chanjo na uzito.

KIKOHOZI, TUMBO, NA ILE "MWILI WOTE UNAUMA"

Hizi nitazipitia haraka. Kikohozi kikipita wiki mbili, ama kuna jasho la usiku na kukonda, usinunue siro nyingine ya kemisti. Nenda serikalini. TB ni mahali ambapo serikali inawashinda praiveti wazi wazi: kipimo cha GeneXpert kinaonyesha bakteria na kama dawa ya rifampisini inashindwa, dawa ni bure, miezi sita kwa TB ya kawaida, na kuna mtu wa kukufuata ukipotea. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa kwa mashine hiyo hiyo.

Tumbo, watu wote wa Kisumu wana ulsa, ama ndivyo tunavyojiambia. Kipimo cha damu cha H. pailori, yule bakteria wa ulsa, kinaweza kuonyesha mdudu wa zamani aliyeshatoka, cha choo ni bora, na dawa za asidi kama omeprazoli uache wiki mbili kabla kama daktari amekuruhusu. Lakini mwenye kutapika damu, choo cheusi kama lami, ama chakula kinakwama kooni, huyo si wa kliniki ya mtaa, apelekwe kwenye kamera ya tumbo, na huku kwetu hiyo ya kukwama isicheleweshwe, saratani ya koo la chakula iko magharibi hii.

"Mwili wote unauma, sina nguvu, usingizi hakuna." Hii inachukua muda wa kuongea na hakuna sehemu kati ya zile nne inayolipwa kuongea. Kemisti anatoa vitamini. Kliniki inapima taifodi. Hospitali ina wagonjwa sabini kwa laini. Wakati mwingine ni anemia, wakati mwingine ni virusi, kipimo cha HIV ni bure serikalini na kisiogopwe, na wakati mwingine ni msongo wa roho tu, mtu amefiwa ama ameachwa na deni. Mtu anayekujua miaka mitano ndiye atakuuliza "na mzee aliendelea aje?" na hapo ndipo utaongea.

PESA NA SHA

Tangu Oktoba 2024 tuko SHA, bima ya afya ya serikali, ile NHIF iliisha. Kwenye kuchagua mahali, kitu cha kushika ni kimoja: huduma za kawaida za kwenda na kurudi kwa levo ya 2 na ya 3, yaani dispensari na vituo vya afya, zinalipwa na ule mfuko wa huduma ya msingi bora umejiandikisha, hata kama michango haijaingia. Kujiandikisha ni *147#, simu ya mulika mwizi inatosha. Ukipanda levo ya 4 na kuendelea ndipo unaulizwa michango ya SHIF, ule mfuko wa bima wenyewe, asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na kwa wengine wanakupigia hesabu, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi. Kwenye karatasi basi dispensari inashinda kila mtu. Kwenye ukweli kuna siku unafika dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue kemisti, na unarudi kule kule ulikotoka. Kwa hivyo piga hesabu ya boda na dawa za kununua, usipige ya kumwona daktari peke yake.

Na migomo. 2017 madaktari walitoka kwa mgomo wa siku 100, 2024 wakagoma siku 56, na manesi na klinikal ofisa nao wana zao. Mwenye ugonjwa wa kudumu asiwe na mahali pamoja pasipo na nakala. Piga picha kila ukurasa wa kitabu chako kwa simu, mgomo ukianza unaenda hospitali ya misheni kama ile ya Maseno ama kliniki yoyote na wanakuta habari yako yote.

JE, DAKTARI WA FAMILIA?

Huyu wa tano wengi hatumjui. Si daktari wa kwanza unayemwona tu, ni daktari aliyesomea zaidi kazi hii hii ya kumwona mtu mzima, mtoto, mjamzito na mzee, na kukaa nao miaka. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ndicho kilianza kuwafundisha hapa nchini mwaka 2005, na Kabarak upande wa Nakuru nao wanafundisha. Bado ni wachache na wengi wako hospitali za misheni na za kaunti, si mtaani kwako. Ukimpata na bei unaimudu, kwa nyumba yenye mzee wa presha na mtoto wa siko na mama anayezaa, usifikirie mara mbili. Ukimkosa, klinikal ofisa mmoja mzuri asiyebadilishwa kila mwezi anakaribia kabisa kazi hiyo. Wengi tunawaita daktari na kwa kweli ndio wanabeba afya ya nchi hii.

NINGECHAGUA HIVI

Nikiwa Nyalenda ama Obunga na pesa ni za kuhesabu: kituo cha afya cha serikali kiwe nyumbani kwangu, siku zote, nikijulikana kwa jina. Kliniki ya mtaa ni ya usiku tu, na karatasi yao niipeleke kituoni asubuhi inayofuata. Kemisti ni ya kununua kilichoandikwa.

Nikiwa Migosi ama Mamboleo na nina bima ya kazini: kliniki moja ya mtu mmoja, lakini nimjaribu kwanza. Naangalia mambo haya, anauliza ninameza nini kabla hajaandika? Anamshika mgonjwa ama anaandika tu? Anaweza kusema "hii si malaria, nenda nyumbani, kunywa maji, rudi kesho kutwa nikuone"? Anayeweza kukuacha uende bila dawa huyo ni mtu adimu. Anaandika rufaa kwa mkono wake na kusema unaenda kutafuta nini, ama anakuambia tu "nenda Russia"?

Nikiwa ndani, Seme ama Nyando, barabara inakatika mvua ikinyesha: CHP awe na namba yangu na mimi yake, dispensari iwe ya kwanza, na nijue kabisa mapema ni nani mwenye gari ama pikipiki nzuri usiku.

Hospitali kubwa kwa hawa wote watatu ni ya kupelekwa na barua, ama ya hatari, mimba yenye shida, ajali, mtoto aliyelegea, mtu aliyepooza upande mmoja ghafla. Ukienda na barua nzuri unaonwa tofauti, hilo nimeliona, yule intani aliyechoka anasoma mistari minne ya klinikal ofisa wa Ahero na anajua aanzie wapi. Barua iwe na dawa zote, vipimo vilivyofanywa na tarehe zake, na swali moja. Ukitoka wodini dai ile karatasi ya kutolewa, usiiache kwa faili, na kabla wiki haijaisha irudishe kwa yule aliyekuandikia barua. Hapo kwa kurudisha ndipo wengi wanapotelea.